Alama 60 si asilimia 60: kusaka kifua kikuu kwa picha ya kifua na akili mnemba

Yako mengi yanayosemwa kuhusu akili mnemba kwenye afya, lakini ipo kazi moja ambayo imeshapimwa vya kutosha hadi Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipa ruhusa mwezi Machi 2021: kompyuta kusoma picha ya eksirei ya kifua na kuamua nani atoe makohozi na nani arudi nyumbani. Ruhusa hiyo ni kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na kwa kusaka kifua kikuu tu. Programu tatu ndizo zilizotathminiwa wakati huo: CAD4TB ya Uholanzi, qXR ya India na Lunit INSIGHT CXR ya Korea Kusini. Zimeongezeka nyingine tangu hapo.

Makala hii ni kwa waratibu wa kifua kikuu wa wilaya, waganga wafawidhi, na wale wa mashirika wanaoandaa kambi za upimaji. Nitasema tangu mwanzo ninachokiamini: programu yenyewe haiokoi hela. Kinachookoa hela, na kinachoamua wagonjwa wangapi wataachwa mtaani, ni namba moja mnayoichagua ninyi wenyewe. Wengi huichukua kama ilivyokuja kwenye boksi.

Kwa nini picha, badala ya maswali

Kifua kikuu kinatibika. Dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4, na kwenye vituo vya serikali hazilipiwi. Kazi ngumu ni kumpata mwenye ugonjwa. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua duniani, na waliogunduliwa na kuandikishwa ni milioni 8.2. Waliobaki wako kazini, sokoni, kwenye daladala.

Njia tuliyoizoea ni kuuliza dalili nne: kikohozi, homa, kupungua uzito, jasho la usiku. Kwa takwimu zilizomo kwenye mwongozo wa WHO, maswali hayo huwanasa watu 71 kati ya 100 wenye ugonjwa, na huwaruhusu sawasawa 64 kati ya 100 wasio nao. Ukitumia kikohozi cha wiki mbili peke yake, unawanasa 42. Picha ya kifua, ikisomwa kwa kigezo cha "chochote kisicho cha kawaida", huwanasa 94 na huwaruhusu 89. Tofauti hii ina sababu. Tafiti za kitaifa zilizopita nyumba kwa nyumba zimeonyesha kwamba karibu nusu ya watu wazima wanaokutwa na vimelea kwenye makohozi hawana dalili wanazozitambua. Ukimuuliza kama anakohoa atasema hapana, na atakuwa anasema kweli.

Picha basi ni bora. Kilichokosekana miaka yote ni msomaji. Mabingwa wa radiolojia ni wachache na wengi wako mijini, na kambi moja inaweza kutoa picha zaidi ya mia kwa siku. Hapo ndipo programu inapoingia: inaisoma picha kwa chini ya dakika moja, haichoki saa kumi jioni, na zipo zinazofanya kazi ndani ya kisanduku kidogo cha kompyuta bila intaneti. Utafiti uliofanyika Dhaka, Bangladesh, kwa watu 23,954, ukachapishwa mwaka 2021, ulilinganisha programu tano na mabingwa wa huko. Zote tano ziliweza kupunguza vipimo vya makohozi kwa nusu huku zikiendelea kuwanasa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100.

Alama inasema nini

Programu hutoa namba, nyingi kati ya 0 na 100, nyingine kati ya 0 na 1. Watu huiona 60 wakadhani mtu huyu ana uwezekano wa asilimia 60 wa kuwa na kifua kikuu. Sivyo. Alama ni kiasi ambacho picha inafanana na zile picha za wagonjwa ambazo programu ilifundishwa nazo. Alama ileile ya 60 inaweza kumaanisha mgonjwa 1 kati ya 5 kwenye gereza lenye msongamano, na 1 kati ya 60 kwenye ofisi za mjini, kwa sababu ugonjwa wenyewe haujasambaa sawa. Na 60 ya programu moja haina undugu na 60 ya programu nyingine, wala 60 ya toleo la 6 na 60 ya toleo la 7 la programu ileile.

Namba ambayo mtu akiifikia au kuipita anatoa makohozi, na asipoifikia anaruhusiwa, ndiyo nitakayoiita kikomo.

Tuangalie hesabu ya watu 1,000. Tuseme 10 kati yao wana kifua kikuu. Huo ni mzigo mkubwa kuliko wastani. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2016 ulikuta watu wazima 558 kwa kila 100,000, yaani kama 6 kwa 1,000. Lakini kambi hupelekwa palipo na ugonjwa mwingi, kwa hiyo 10 ni makisio ya haki. Katriji moja (kikasha cha kupimia makohozi ya mtu mmoja) ya GeneXpert Ultra, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya vimelea, kwa bei nafuu iliyotangazwa Septemba 2023 kwa nchi zetu, ni dola 7.97, kabla ya hapo ilikuwa 9.98. Gharama ya usafirishaji na wafanyakazi naiweka pembeni, na kwa urahisi wa hesabu nachukulia kwamba GeneXpert haimkosi mgonjwa.

Ukimpima kila mtu makohozi bila kuchuja, ni katriji 1,000, dola 7,970. Unapata wagonjwa 10, kila mmoja kwa dola 797.

Ukichuja kwa dalili nne, wanaopita ni 363. Dola 2,893, wagonjwa 7, kila mmoja dola 413.

Ukichuja kwa programu yenye kikomo kinachonasa 90 kwa 100 na kuruhusu 70 kwa 100 (hicho ndicho kiwango cha chini ambacho WHO ilikiweka kwa kipimo cha kuchuja), wanaotoa makohozi ni 306. Dola 2,439, wagonjwa 9, kila mmoja dola 271.

Ukipandisha kikomo hadi kinase 80 na kuruhusu 90, makohozi ni ya watu 107 tu. Dola 853, wagonjwa 8, kila mmoja dola 107. Bei imeshuka mno, na mtu mmoja zaidi amerudi nyumbani na ugonjwa akiwa na karatasi inayosema yuko salama.

Hapo ndipo uamuzi ulipo, na hakuna mtengenezaji wa programu anayeweza kuufanya kwa niaba yenu. Mimi husimama upande wa kikomo cha chini pale ambapo mgonjwa aliyekoswa ataambukiza wengi: magereza, mabweni, migodini. Huko bakisheni bajeti ya katriji kwanza, mengine yafuate. Kwenye upimaji wa wazi sokoni, kikomo cha juu kidogo kinavumilika ikiwa mtarudi tena mwaka unaofuata.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakina uhusiano na hela. Mashine ya GeneXpert yenye moduli 4, yaani nafasi 4 za kuingizia katriji, hutoa vipimo 16 hadi 20 kwa siku ya kazi ya saa 8. Kambi ikipiga picha watu 120 kwa siku na kikomo kikaruhusu 70 kwa 100, makohozi yatakuwa ya watu kama 37. Hiyo ni kazi ya siku mbili inayoletwa kila siku moja. Kufikia Ijumaa maabara ina vikopo vya Jumatatu, majibu yanachelewa, na watu waliokuja kwa hiari wanapotea. Kwa hiyo kabla ya kutangaza kambi kwa kipaza sauti, hesabu moduli zinazofanya kazi kweli. Yenye moduli 4 ambayo moja imekufa tangu mwaka jana ina moduli 3.

Kukipata kikomo chako

WHO pamoja na TDR, mpango wa utafiti wa magonjwa ya kitropiki, walitoa mwaka 2021 zana za kusaidia nchi kupanga kikomo kwa mazingira yao. Ni nzuri, ila kiini chake kinaweza kufanyika kwa jedwali la kawaida la kompyuta.

Kwenye kipindi cha mwanzo, kila mtu anayepigwa picha atoe makohozi, hata mwenye alama 3. Andika safu nne: namba ya mtu, alama, jibu la GeneXpert, na jina la programu pamoja na toleo lake. Ukimaliza, panga safu kuanzia alama ya juu kwenda ya chini. Shuka taratibu ukihesabu wagonjwa. Kama jumla walikuwa 50, basi ukifika kwa mgonjwa wa 45 umewapata 90 kwa 100; alama iliyo kwenye mstari huo ndiyo kikomo chako cha kuanzia. Kisha hesabu watu wote waliopo juu ya mstari huo: ndiyo katriji utakazotumia. Kama ni nyingi kuliko uwezo, panda juu mstari mmoja mmoja na uone kwa macho ni mgonjwa yupi unayemwacha ili kuokoa katriji ngapi. Zoezi hili lifanywe na mratibu na mtu wa maabara wakiwa wamekaa pamoja, maana wanaumia sehemu tofauti.

Tatizo ni idadi. Kati ya watu 1,000 utapata wagonjwa 10 hivi, na kwa wagonjwa 10 kila mmoja anasogeza hesabu yako kwa asilimia 10. Kikomo kilichopangwa hivyo ni bahati nasibu. Kwa wagonjwa 50, kila mmoja anasogeza asilimia 2. Mpaka mfike kwenye makumi ya wagonjwa, anzeni na kikomo cha chini na mkubali gharama.

Mkishindwa kumpima kila mtu, wapimeni wote walio juu ya kikomo cha chini, na chini yake mchukue mtu 1 kati ya 10 kwa kubahatisha, kwa mfano kila ambaye namba yake ya usajili inaishia na 0. Mgonjwa mmoja atakayepatikana huko anahesabiwa kuwa 10. Asichaguliwe kwa sababu anakohoa, la sivyo hesabu yote imeharibika.

Msipange kikomo kwa wagonjwa wa kliniki ya kifua halafu mkakitumia kwenye soko la samaki. Wa kliniki wamechelewa kufika, mapafu yao yameshaharibika sana, na programu huwapa alama za juu bila shida. Mgonjwa wa sokoni ana doa dogo. Kikomo kinachonasa 95 kliniki kinaweza kunasa 70 sokoni.

Toleo jipya la programu likija, msilisakinishe katikati ya kambi. Chukueni picha za zamani ambazo majibu yake ya makohozi yanajulikana, zipitisheni kwenye toleo jipya, mpange kikomo upya. Hii inawezekana tu kama mlihifadhi picha katika muundo wa DICOM, jinsi zilivyotoka kwenye mashine. Aliyehifadhi picha za skrini hana kitu cha kurudia.

Picha mbovu, alama mbovu

Mashine ndogo za kubeba ndizo zilizoifanya kazi hii iwezekane nje ya hospitali. Fujifilm FDR Xair, kwa mfano, ina kilo 3.5 na betri yake hutosha takriban picha 100. Udogo huo una gharama: nguvu yake ni ndogo, hivyo mtu mnene hutoka na picha yenye chengachenga, na programu inaweza kuzisoma chenga hizo kama ugonjwa, au zikauficha ugonjwa. Fuata jedwali la mtengenezaji la unene wa mwili na umbali. Usiweke kipimo kimoja kwa wote eti kwa ajili ya haraka.

Mtu asimame akiipa mgongo mashine na kifua kikigusa sahani ya kupokelea picha, kidevu juu, mikono kiunoni na viwiko vikisukumwa mbele. Viwiko vikibaki nyuma, mifupa ya mabega inafunika mapafu. Avute pumzi ndefu na aishike. Mpe zoezi mara moja kabla ya kupiga. Kwenye picha nzuri unahesabu mbavu 9 hadi 10 za nyuma juu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mbavu 7 maana yake hakuvuta pumzi: sehemu ya chini ya mapafu imejikunja na kuwa nyeupe, na alama itapanda bure. Angalia pia ncha za ndani za mitulinga miwili. Zikiwa hazilingani umbali kutoka uti wa mgongo, mtu alisimama upande, na pafu moja litaonekana jeusi kuliko jingine.

Kitu kidogo kinachoharibu picha nyingi ni nywele. Nywele zilizosukwa au rasta zikilala begani huanguka juu ya ncha ya pafu, mahali haswa ambapo kifua kikuu cha watu wazima hupenda kukaa. Kwenye picha hutokea kama michirizi meupe iliyopindana, na programu huikokotoa kama doa. Ukikuta alama imeruka hadi 80 kwa msichana mwenye afya njema, kabla ya kumpa kikopo tazama kama michirizi hiyo inaendelea juu ya shingo, nje ya pafu. Ikiendelea, ni nywele. Zifungwe juu kwa kitambaa, picha ipigwe tena. Mikufu, shanga, hirizi zenye madini, vifungo na vyuma vya sidiria ni vilevile, kwa hiyo kambi inahitaji chumba cha pazia chenye mhudumu wa kike na kanga safi za kubadilisha. Fundo la kanga lisiwe kifuani, liwe ubavuni chini.

Kuna wanaotaka kupiga picha kwa simu filamu iliyobandikwa dirishani halafu wailishe programu. Isifanyike. Mwanga hauko sawa, pembe zimekatika, na programu nyingi zilifundishwa kwa picha za kidijitali za mbele tu. Picha ya ubavu vilevile hailishwi.

Kuhusu mionzi: picha moja ya kifua ni kama 0.02 millisievert, kiasi ambacho mtu hupokea kutoka mazingira ya kawaida kwa siku kama tatu. Mjamzito hazuiwi, ilimradi mwanga ubanwe kifuani na utaratibu ufuatwe. Kumrudisha nyumbani bila kupimwa ni hatari zaidi kwake na kwa mtoto. Anayeumia ni mhudumu anayesimama karibu siku 200 kwa mwaka. Asimame angalau mita 2 kutoka mashine na mtu anayepigwa, nyuma ya kinga, akiwa amevaa kipimo cha mionzi. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inashuka hadi robo. Mwanga uelekezwe kwenye ukuta au uwanja mtupu, kamwe usielekee foleni. Kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, au mamlaka ya mionzi ya nchi husika, kipatikane kabla mashine haijatoka kwenye boksi.

Kikopo na maabara

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopotea, na akili mnemba haina la kufanya. Mtu aliyepewa alama ya juu atoe makohozi siku hiyohiyo, hapohapo. Ukimwambia aje kesho asubuhi, wengi hawaji.

Mahali pa kukohoa pawe nje, penye upepo, mbali na foleni, na pawe na faragha. Watu wanaona haya. Asukutue kwa maji kwanza. Avute pumzi ndefu mara mbili, ya tatu akohoe kutoka kifuani. Mililita 3 hadi 4 zinatosha. Kipimo cha Ultra kinahitaji angalau 1. Mate meupe yenye povu hayafai, na mtu asiye na dalili mara nyingi hutoa mate, kwa hiyo mhudumu mvumilivu hapa ana thamani kuliko kompyuta mpya. Namba iandikwe ubavuni mwa kikopo, isiandikwe kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Na iwe namba ileile iliyo kwenye daftari na kwenye picha. Saa na tarehe ya kompyuta ndogo ikiwa imekosea, picha za Jumanne hujichanganya na za Jumatano, na hapo unaweza kumwanzishia dawa mtu asiye mgonjwa.

Maabarani, dawa ya kuchanganyia huwekwa mara mbili ya ujazo wa makohozi, inatikiswa kwa nguvu, inaachwa dakika 15 ikitikiswa tena katikati, kisha mililita 2 huingizwa kwenye katriji. Haraka hapa huleta ujumbe wa kosa namba 2008 kwenye mashine: makohozi hayajalainika, shinikizo linapanda, katriji inapotea na dola 8 zako pamoja nayo. Mashine inataka chumba cha nyuzi 15 hadi 30, na katriji zihifadhiwe nyuzi 2 hadi 28. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, stoo ya bati inapita hapo kabla ya saa nne asubuhi.

Jibu linalosumbua zaidi kwenye Ultra ni lile la chembe kidogo sana, ambalo halisemi chochote kuhusu usugu wa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Kwa mtoto au mtu anayeishi na VVU, huchukuliwa kuwa ni ugonjwa. Kwa mtu mzima asiye na VVU, rudia kwa makohozi mapya. Kwa aliyewahi kutibiwa, kumbuka kipimo kinaona vinasaba hata vya vimelea vilivyokufa. Hapo daktari aamue akiwa na picha, historia na mgonjwa mwenyewe mbele yake.

Ambao programu huwakosea

Utafiti wa Dhaka ulionyesha kuwa programu zote zilifanya vibaya zaidi kwa wazee na kwa waliowahi kuugua kifua kikuu. Makovu ya zamani hupata alama za juu. Ndiyo maana fomu lazima iulize "umewahi kutibiwa TB?", hata kama mna mashine bora kuliko zote.

Wachimbaji ni kundi la pekee. Huko Mererani, wachimba tanzanite huvuta vumbi la mawe miaka kwa miaka, na silikosisi inayotokea hujaza mapafu madoa juu, karibu sawa na ya kifua kikuu. Programu itawapa wengi wao alama za juu. Huwezi kupandisha kikomo kwa ajili yao, kwa sababu silikosisi yenyewe huongeza hatari ya kupata kifua kikuu. Wapimeni makohozi wengi zaidi, mjue kwamba wengi watakuwa hawana vimelea, na muwe na pa kuwapeleka: Hospitali ya Kibong'oto iko mkoa wa jirani, Kilimanjaro, na magonjwa haya ndiyo kazi yake.

Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye kinga imeshuka sana, picha inaweza kuwa safi kabisa na ugonjwa upo. Alama ya chini isimruhusu kama ana dalili. Atoe makohozi, na panapofaa apimwe mkojo kwa kipimo cha LAM. Watoto chini ya miaka 15 hawasomewi na programu. Wao wanahitaji daktari, na wasioweza kukohoa wanaweza kupimwa choo kwa GeneXpert.

Alama ya chini nayo ina kazi. Mtu anayeishi nyumba moja na mgonjwa, asiye na dalili na mwenye picha safi, ndiye anayefaa kupewa dawa ya kinga, kama ile ya dozi 12, moja kila wiki. Kambi inayowarudisha tu watu hawa imefanya nusu ya kazi.

Mashine iliyofunikwa turubai

Bei ya picha moja inategemea zaidi idadi ya siku mashine inazofanya kazi kuliko bei ya kuinunua. Kwa mfano tu: seti ya dola 60,000 inayotumika miaka 5, siku 250 kwa mwaka, watu 60 kwa siku, hupiga picha 75,000, senti 80 za dola kwa picha. Seti hiyohiyo ikitoka siku 100 kwa mwaka kwa watu 20, hupiga 10,000, na kila moja inakuwa dola 6. Kabla ya kuomba ya pili, tazama daftari la gari na posho. Mara nyingi kilichokwama ni dizeli. Na kwenye mkataba ulizia leseni ya programu inaisha lini, inahesabiwa kwa picha au kwa mwaka, na picha za wananchi zinahifadhiwa nchi gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Picha ya kifua yenye jina ni taarifa binafsi.

Kila mwezi, angalieni namba tatu kwa kila timu: asilimia ya watu walioifikia au kuipita kikomo, asilimia ya hao waliotoa makohozi, na asilimia ya makohozi yaliyokutwa na vimelea. Ya kwanza ikiruka ghafla, tafuta picha mbovu, toleo jipya, au sahani iliyopasuka. Ya pili ikishuka, nenda kasimame kwenye foleni uone.

Na lipo kundi ambalo karibu kila mpango unalisahau: wenye alama ya juu sana ambao GeneXpert imesema hawana vimelea. Wengine wana kifua kikuu ambacho makohozi hayakukitoa. Wengine wana moyo uliotanuka, maji kwenye pafu au uvimbe, na programu ya kifua kikuu peke yake haikuandikiwa kuwaambia. Picha zao zisomwe na daktari ndani ya wiki moja, warudie makohozi, na kila mmoja aondoke kambini akiwa na tarehe ya kurudi, jina la kituo, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea.